ZA NJIANI: Mahindi na Karanga za Cucu, na Kazi Tuliyoisahau

(Mazungumzo haya yalitolewa na mfanyakazi wa maendeleo ya jamii mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia kutoka pande za Meru na Embu. Tumeyachapa karibu kama alivyoyasema. Yasomeni pamoja katika mkutano wa kikundi, kisha mjadili maswali yaliyo mwisho.)



  

Niliambiwa nizungumze juu ya miradi midogo ya kuongeza mapato. Najua mmeshasikia mengi juu ya hayo: kuku, sungura, sabuni, nyuki. Leo mimi sikuleta karatasi kubwa za kubandika ukutani. Nimeleta mkebe huu. Upitisheni. Kila mtu achukue kiganja kimoja tu, maana tuko wengi. Tafuneni polepole mkinisikiliza.

Ndani ya mkebe kuna mahindi ya kukaanga, njugu karanga, na mbegu za malenge. Nasema njugu karanga, sisemi njugu peke yake, kwa sababu hapa kuna watu wa Embu na Mbeere, na kwao ukisema njugu wanaona mbaazi. Tusije tukagombana kabla ya chai.

Nyumbani kwetu hiki chakula hakikuwa na jina la maana. Tulikiita tu "za njiani". Leo nataka niwaambie jinsi za njiani zilivyotufikia, jinsi mimi mwenyewe nilivyoziharibu, na jinsi ya kuzitengeneza bila kumdhuru mtu. Kama kikundi chenu hakina haja ya kuuza karanga, sikilizeni hata hivyo, kwa sababu mahindi mnayo wote.

NNE, MBILI, MOJA

Mama yangu alizaliwa upande wa chini, Mbeere, akaolewa juu, karibu na Nkubu. Shule zikifungwa alitupeleka kwa mama yake. Ilikuwa ni safari: unapita Chuka, unavuka mto Thuci, kisha unashuka kwenye joto. Siku ya kurudi, cucu aliamka kabla ya jogoo akatukaangia za njiani. Alikuwa na gae la chungu kikubwa kilichovunjika zamani, na hilo ndilo lilikuwa kikaango chake. Alitia kila mtoto za kwake katika kitambaa, akafunga fundo. Kanuni ilikuwa moja: usifungue kabla ya kuvuka mto. Nani alifuata? Hakuna. Tulifungua tukiwa bado tunaona moshi wa jiko lake.

Alipima kwa kikombe cha bati. Vikombe vinne vya mahindi, viwili vya karanga, kimoja cha mbegu za malenge. Alihesabu kwa sauti ili sisi wadogo tujifunze hesabu: nne, mbili, moja. Mimi nilijua nne, mbili, moja kabla sijajua kuandika jina langu. Mama alihesabu hivyo hivyo, na mimi nikawafundisha watoto wangu hivyo hivyo.

Kwa hiyo mtu akiniuliza, "Hiyo ya cucu wako hutengenezwaje?" nilikuwa na jibu tayari. Nne, mbili, moja, chumvi kidogo, moto wa pole. Nilidhani nimerithi kila kitu.

MWAKA WA 1984

Wazee mliopo hapa mnakumbuka mwaka wa 1984. Mvua ilikosa, na serikali ikaleta mahindi ya njano kutoka nje. Mimi nilikuwa na miaka sita. Siku moja nilikuwa kwa cucu, na yalikuwa yamefika mahindi kiasi cha gorogoro mbili hivi. Kwa nyumba ya watu wanane hicho si kitu.

Cucu aliyamwaga katika uteo, ule anaouita gitaruru, akaketi mlangoni penye mwanga. Akaanza kuchambua. Punje iliyopasuka, kando. Punje yenye doa, kando. Iliyoliwa na wadudu, iliyofifia rangi, iliyosinyaa, kando. Mimi nilikuwa na njaa, nikaona rundo la kando linakua. Lilifika karibu viganja viwili. Nikafikiri hayo ni ya kuku. Akayachukua yote akaenda kuyamwaga katika shimo la choo!

Nililia. Nilimwambia cucu ni mbaya, anatupa chakula na sisi tuna njaa. Hakunichapa. Alinijibu neno moja tu: "Haya yalilala vibaya. Chakula kilicholala vibaya kitamlaza mtu." Akaenda kupika yaliyobaki.

Nilipokuwa mkubwa nilimkumbuka cucu kwa mengi: hadithi zake, ugoro wake, kitambaa chenye fundo. Lakini ile kazi ya mlangoni niliisahau kabisa. Kwa nini? Kwa sababu hakuisema. Kila siku alikuwa amekwisha kuchambua kabla hajatuita kuhesabu. Sisi tuliingia katika mapishi wakati wa "nne", na kazi kubwa ilikuwa imekwisha kufanyika.

USIKU WA KILO THELATHINI

Sasa wacha niwaambie makosa yangu. Ni aibu, lakini afadhali mjifunze kwa aibu yangu kuliko kwa hasara yenu.

Mwaka wa 2012 nilikuwa nikifanya kazi na kikundi kimoja cha akina mama kumi na wanne. Sitakitaja jina. Walitaka mradi usiohitaji pesa nyingi. Nikawaambia habari za cucu, wakafurahi sana, na karibu kila mmoja akasema hata kwao kulikuwa na kitu kama hicho. Nikaandika maagizo kwenye karatasi vizuri, kama nilivyofundishwa chuoni: vitu vinavyohitajika, kipimo, vyombo, muda, gharama, faida. Karatasi ilikuwa safi. Nilianza na neno "Pima".

Tulianza na kilo mbili, kilo tatu, karanga za shambani kwa mmoja wetu. Zilinunuliwa zote sokoni siku moja. Kisha tukapata oda kubwa: shule moja ilitaka pakiti za siku ya wazazi. Tukaenda kwa mfanyabiashara tukanunua karanga kilo thelathini kwa shilingi 120 kilo, na mahindi kilo sitini kwa shilingi 40. Karanga zilikuwa zimeshabanguliwa, na bei ilikuwa chini kuliko ya wengine. Tulisema Mungu ametukumbuka. Ongeza kuni, chumvi, nauli na nailoni za kufungia, shilingi 700. Jumla ni shilingi 6,700. Katika hizo, 4,000 zilikuwa mkopo kutoka kwa chama.

Tulianza kazi jioni, maana mchana watu walikuwa kwa majani chai. Tukafungua gunia la karanga. Mama mmoja akaleta taa karibu, akasema, "Hizi zingine zina weusi. Tungechambua kwanza." Tukatazamana. Kilo thelathini, usiku, taa mbili, na pakiti zinatakiwa saa tatu asubuhi.

Ni mimi niliyejibu. Si mwenyekiti, si mweka hazina, ni mimi mwenye diploma. Nilisema, "Tukaange tu. Moto utaua kila kitu."

Tukakaanga mpaka saa tisa za usiku. Tuliimba hata nyimbo.

Asubuhi, mama mzazi wa mweka hazina, mzee wa miaka mingi, alikuja kuona wasichana walivyofanya. Tukampa pakiti. Alitafuna mara tatu, akatema mkononi, akaangalia. Akauliza, "Nani alichambua?"

Hakuna aliyejibu. Akauliza tena, akinitazama mimi. Hapo ndipo nikamwona cucu yangu ameketi mlangoni na uteo wake, miaka ishirini na minane iliyopita. Nilitaka ardhi inimeze.

Tulifungua pakiti kumi na tatu. Karibu katika kila moja kulikuwa na karanga chungu. Basi mabishano yakaanza, na nataka msikie maneno yaliyosemwa kwa sababu siku moja yatasemwa katika kikundi chenu.

Wa kwanza alisema: Tupeleke tu, ni watoto, watatema zile chungu.

Wa pili alisema: Tusipeleke shuleni, watatujua. Tuuze stendi ya magari, kwa watu wanaopita.

Wa tatu alisema: Basi tuwape kuku na ng'ombe, tusipoteze yote.

Wote watatu ni akina mama wazuri. Walisema hivyo kwa sababu ya ule mkopo. Mtu mwenye deni la chama anaona pakiti, haoni mtoto. Na mimi niliyewaingiza katika shida sikuwa na uso wa kuwahukumu.

Ni yule mzee aliyemaliza maneno. Aliuliza swali moja: "Nani hapa atampa mjukuu wake pakiti moja sasa hivi, amalize yote tukimwona?" Mikono haikuinuka. Akasema, "Basi mmeshajibu."

Tulichimba shimo, tukazika kilo tisini. Mwenyekiti alikwenda shuleni kwa miguu kusema ukweli. Mwalimu mkuu hakufurahi, na muhula uliofuata alinunua biskuti. Ule mkopo na hasara tulilipa kwa kugawana: kila mama shilingi 400, ikawa 5,600. Mimi nikalipa 1,100 iliyobaki. Kikundi kilibaki kimya kwa mwaka mzima kabla ya kukaanga tena.

SUMU YENYEWE NI NINI?

Baadaye nilikwenda kuwauliza watu wa kilimo na wa afya ili nielewe cucu alikuwa akitupa nini.

Mahindi na karanga zisipokauka vizuri, au zikipigwa na ukame shambani, au zikitobolewa na wadudu, zinashikwa na kuvu. Kuvu fulani hutoa sumu inayoitwa aflatoksini, na wengine huiita sumu kuvu. Ilijulikana mwaka wa 1960 kule Uingereza, ambapo bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa sababu ya chakula cha mifugo kilichotengenezwa kwa karanga zilizoharibika.

Lakini tusiende mbali. Mwaka wa 2004, kwa majirani wetu wa Makueni na Kitui na sehemu za karibu, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa kula mahindi yenye sumu hii. Mengi yalikuwa mahindi ya shamba lao wenyewe, yaliyowekwa nyumbani yakiwa na unyevu. Na sisi tuna ukame ule ule na joto lile lile huku chini, Mbeere na Tharaka. Mwaka wa 2019, mwezi wa Novemba, Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilisimamisha aina tano za unga wa mahindi kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo hata viwanda vikubwa vinaanguka katika shimo hili.

Sumu hii huharibu ini. Mtu akila nyingi kwa mara moja anatapika, macho yanakuwa ya manjano, tumbo linavimba, na anaweza kufa. Akila kidogo kidogo kwa miaka, anaweza kupata kansa ya ini. Wataalamu pia wameona kwamba watoto wanaokula chakula chenye sumu hii mara nyingi hudumaa.

Sasa shikeni mambo manne:

1. Moto hauimalizi. Kukaanga au kuchemsha kunaweza kupunguza kiasi fulani tu. Mimi nilisema moto utaua kila kitu. Nilikosea, naomba msirudie neno hilo.

2. Sumu yenyewe haina ladha. Ule uchungu ni dalili kwamba karanga imeharibika, lakini karanga isiyo chungu inaweza kuwa na sumu pia. Ulimi husaidia, lakini usiutegemee peke yake.

3. Mara nyingi sumu nyingi hukaa katika punje chache. Ndiyo sababu kuchambua kunasaidia sana. Ukiondoa zile punje chache mbaya, umeondoa sehemu kubwa ya hatari. Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Hapa tunamtoa huyo mmoja mapema.

4. Ukimpa ng'ombe mahindi yaliyooza, sumu inapita katika maziwa, na maziwa yanamrudia mtoto wako. Cucu hakuwa na kitabu, lakini hata kuku hakuwapa.

Pia niseme ukweli: kuchambua si dawa ya kila kitu. Gunia likiwa limeoza kwa wingi, usikae kuchambua. Litupe lote. Na kazi ya kuzuia huanza shambani na wakati wa kuanika, si jikoni.

NAMNA YA KUTENGENEZA, TANGU MWANZO

Chukueni kalamu. Hii ndiyo karatasi ambayo ningeandika mwaka wa 2012.

Kwanza: Nunua vizuri. Nunua karanga zikiwa bado na maganda, mbangue wenyewe. Kama umenunua zilizobanguliwa, mimina zote utazame hadi chini ya gunia, usitazame za juu tu. Usibangue kwa kulowesha maganda na maji ili yawe laini, maana huko ni kuita kuvu. Bei ikiwa chini kuliko ya kila mtu, uliza kwa nini.

Pili: Hakikisha ni kavu. Anika juu ya turubai au mkeka, kamwe si juu ya udongo. Kwa mahindi kuna kipimo rahisi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, weka chumvi kavu vijiko viwili au vitatu, ongeza mahindi mpaka chupa ifike karibu nusu, funga, tikisa kwa dakika mbili tatu, kisha iache itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu, rudisha juani. Isiposhika, yamekauka.

Tatu: Chambua. Mchana, penye mwanga, kwa uteo, watu wawili wakiangalia uteo mmoja. Toa kila punje yenye ukungu, iliyobadilika rangi, iliyosinyaa, iliyovunjika, iliyotobolewa, au iliyoanza kuota. Ukikaanga karanga, chambua mara ya pili baada ya ngozi kutoka, kwa sababu doa lingine hujificha chini ya ngozi. Ulizotoa, zizike au zitie chooni. Zisiende kwa kuku, ng'ombe wala nguruwe.

Nne: Sasa ndipo unapima. Nne, mbili, moja: mahindi, karanga, mbegu za malenge.

Tano: Mahindi yaloweke kwa maji safi yenye chumvi usiku mmoja tu, ili yasivunje meno ya wazee. Asubuhi yachuje, yapeperushe maji juani kwa muda, kisha uyakaange bila mafuta katika sufuria nzito, moto wa pole, ukikoroga bila kuacha. Yatapasuka mengine na kuwa ya kahawia. Onja moja iliyopoa. Ikivunjika kwa urahisi, yameiva.

Sita: Karanga zikaange peke yake, kwa sababu haziivi pamoja na mahindi. Ngozi ikitoka kwa kusugua kwa vidole, zimeiva. Koroga kijiko kidogo cha chumvi katika robo kikombe cha maji, nyunyiza zikiwa moto, endelea kukoroga mpaka zikauke na kubaki na unga mweupe wa chumvi. Mbegu za malenge ni za mwisho, dakika chache tu. Zikianza kuruka, epua.

Saba: Changanya vyote vikiwa juu ya uteo, uache vipoe kabisa. Ukifunga vikiwa na joto, mvuke utakuwa maji, na maji yataleta kuvu tena. Weka katika mkebe au chupa kavu yenye kifuniko kinachobana. Kula ndani ya wiki mbili tatu.

Tahadhari moja kwa wenye watoto wadogo: mtoto aliye chini ya miaka mitano usimpe karanga nzima wala mahindi makavu, anaweza kukabwa. Twanga ziwe unga umtilie katika uji.

KAMA KIKUNDI KINATAKA KUUZA

Hapa ndipo vikundi vingi hukosea, na kosa liko katika hesabu.

Tuseme mmenunua karanga kilo 10 kwa shilingi 200 kilo. Mmetumia shilingi 2,000. Mkichambua mkatupa kilo moja, mmebaki na kilo 9. Bei yenu ya kununulia sasa si 200 tena. Gawanya 2,000 kwa 9, ni kama shilingi 222 kila kilo. Hapo bado hamjaweka kuni, chumvi, nauli, na mshahara wa waliochambua.

Kama mmeweka hesabu kwa 200, basi kila punje mnayotupa mnaiona kama mwizi anayewaibia. Siku ya haraka mtaacha kutupa. Lakini kama bei yenu tangu mwanzo inajua kwamba kilo moja itatupwa, mtatupa bila kulia. Andikeni katika kitabu cha mweka hazina mstari unaosema "za kutupa". Mstari huo ukibaki mtupu mwezi mzima, mwenyekiti aulize.

Jambo la pili, msikubali oda inayozidi mikono yenu. Pimeni: mtu mmoja anachambua kilo ngapi kwa saa? Jaribuni wenyewe kwa saa ya ukutani. Mkijua hilo, mtajua oda ya kukubali na oda ya kukataa. Sisi hatukujua, tukaingia gizani na taa mbili.

Jambo la tatu, nendeni kwa afisa wa afya ya umma kabla ya kuanza kuuza. Wanaoshika chakula wanatakiwa kupimwa afya na kupewa cheti, na kazi yenyewe inahitaji kibali. Mkitaka kuweka pakiti madukani, mtahitaji pia alama ya ubora ya KEBS. Kwa mahindi, sheria yetu hairuhusu aflatoksini zaidi ya sehemu 10 katika kila sehemu bilioni, hicho ni kidogo sana, jicho haliwezi kukiona. Kwa hiyo mzigo ukiwa mkubwa, ombeni upimwe. Juu ya kufungia, kumbukeni zile nailoni za zamani za kubebea zilipigwa marufuku Agosti 2017, kwa hiyo ulizeni kwanza ni pakiti gani inayokubaliwa.

Jambo la nne ni kwa wenye mashamba. Siku hizi kuna magunia yasiyopitisha hewa, yanayoua wadudu bila dawa, lakini weka nafaka iliyokauka tu, maana hayakaushi. Na kuna Aflasafe, iliyosajiliwa Kenya mwaka wa 2015, inayosambazwa shambani kabla ya mavuno ili kuvu mzuri amshinde kuvu mbaya. Muulizeni afisa wa kilimo wa wadi yenu.

NIMALIZIE

Kile kikundi kilirudi kazini. Leo hakikubali oda ya zaidi ya kilo kumi za karanga kwa wiki. Si matajiri, lakini wanalipa karo ya watoto kadhaa, na mkebe mnaoupitisha umetoka kwao. Mweka hazina aliniambia mwaka jana, "Wateja wanafikiri tunauza karanga. Tunauza ile kazi ya mchana."

Wengi wenu mna cucu, mama au shangazi anayejua kitu kizuri: uji, kachumbari ya dawa, mtindi wa kibuyu, asali. Mnataka kukiandika ili kisipotee, na mfanye vizuri. Lakini msimwulize tu, "Ni vikombe vingapi?" Atawajibu vikombe, nanyi mtaondoka mkifikiri mmepata kila kitu. Amkeni mapema kuliko yeye. Ketini karibu naye kabla hajawasha moto, mtazame mikono. Akitupa kitu, mwulizeni kwa nini anatupa. Huenda hata yeye hajui kwamba hiyo ni sehemu ya mapishi.

Cucu yangu alifariki bila kunisikia nikimwomba msamaha kwa kumwita mbaya ile siku ya njaa. Basi nawaomba ninyi mliobaki na wenu, kaulizeni wiki hii.

Mkebe umefika wapi? Umeisha? (Kicheko.) Basi nitajua kwamba mmeelewa nikiona uteo katika vikundi vyenu.

 

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika familia yako, ni chakula gani cha zamani ambacho unakumbuka kipimo chake lakini hukumbuki maandalizi yake? Nani bado anaweza kukufundisha?

2. Nafaka yetu tunaianika wapi na kuiweka wapi? Nani ataleta chupa na chumvi tujaribu mahindi ya wanachama watatu katika mkutano ujao?

3. Mahindi yaliyooza katika nyumba zetu huenda wapi sasa: kwa kuku, kwa ng'ombe, kwa wauzaji wa pombe, au shimoni? Tutabadilisha nini?

4. Akina mama watatu walisema maneno yao asubuhi ile. Kama deni lingekuwa letu, sisi tungesema nini? Tuweke sheria gani sasa, kabla siku hiyo haijafika?

5. Katika kitabu chetu cha hesabu, mstari wa "za kutupa" upo? Kama haupo, nani atauandika, na lini?